Kazi ikiisha, nyumba isiishe

Wafanyakazi wa mugodi wakiweka feza pamoja, mwezi kwa mwezi, ili kila mumoja apate lupango na nyumba yake, hiyo ni akili kubwa. Wengine wanaanza na likelemba, kisha wanageuza kikundi kuwa koperative ya nyumba. Tunawapongeza. Lakini tuko na swali kwao: statuti za koperative yenu, mulizisoma lini mara ya mwisho? Zinasema nini juu ya siku mwanachama atapoteza kazi? Na siku atakufa?

Mara mingi statuti zinaandikwa mbio mbio juu ya kupata muhuri, kisha zinafungwa mu kabati ya prezida. Siku mambo yanaharibika njo watu wanazitafuta, na siku ile tayari wamechelewa.

Wazee wetu wanakumbuka namna ilikuwa mu makambi. Tangu Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906, nyumba ilifuata kazi. Uko na kazi, uko na nyumba na posho. Kazi imeisha, funga mizigo. Mwaka 1967 serikali ilichukua mambo ya Union Minière, na kisha ikakuwa Gécamines. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi pamoja mu mupango wa « départ volontaire ». Tangu pale kila jamaa ya mugodi inajua kama kazi ya miaka 20 inaweza kuisha kwa sahihi moja.

Kwa ndugu zetu wa Pweto, somo iko karibu zaidi. Mugodi wa Dikulushi, upande wa Kilwa, ulifunguka 2002. Mwaka 2008 bei ya shaba ilianguka mu dunia yote, na kazi ikasimama. Bei ya shaba inapanda na kushuka. Watoto, wao, wanaomba pa kulala kila usiku.

Kwa hiyo tunaona vipengele vitatu vya kupitia upya, mbele ya vingine vyote.

Cha kwanza: nani ni mwanachama? Koperative zote za inchi yetu, za nyumba kama za wachimbaji, ziko chini ya sheria ya OHADA iliyopitishwa ku Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Congo iliingia mu OHADA mwaka 2012. Sheria ile inaomba statuti ziseme ni kitu gani kinaunganisha wanachama. Inaweza kuwa kazi moja, inaweza kuwa kusudi moja. Kama statuti zenu zinasema mwanachama ni mufanyakazi wa kampuni fulani, siku anafukuzwa watu wanaweza kumuambia: « Weye si mwenzetu tena. » Alilipa miaka na miaka, na sasa iko inje. Muandike kusudi: watu wanaotafuta nyumba mu Pweto, ao mu komini fulani ya Lubumbashi. Kazi ikiisha, kusudi linabaki.

Wengine watauliza: mutu asiye na mushahara, nani atamulipia? Wako na haki ya kuuliza. Koperative inayongojea bila mwisho itaanguka na watu wote. Njo maana mwisho uandikwe mbele: miezi ngapi tunamungojea, akishindwa feza yake inarudi lini, na kwa kiasi gani. Na kipimo kiwe kimoja kwa shefu wa ekipe na kwa mulinzi wa mulango.

Cha pili: udongo. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa serikali; sisi tunapewa konsesio. Konsesio ya milele inapewa mutu, tena Mukongomani. Koperative haiwezi kuipata. Koperative inapata konsesio ya kawaida, ya miaka 25 kwa wingi, inayoweza kurudiliwa. Basi, kama sertifika iko ku jina la koperative, statuti ziseme wazi: mwanachama akimaliza kulipa, lupango litapita ku jina lake kisha muda gani, na nani atalipa feza za biro ya udongo. Risiti ya koperative, hata ikiwa na tampo tatu, si sertifika. Na kama sertifika iko ku jina la mukubwa mumoja « juu ya kurahisisha mambo », musingoje mwaka kesho.

Cha tatu kinagusa bamama na watoto. Ku mugodi, ajali haipigi hodi. Kodi ya jamaa ya 1 Agosti 1987 inapatia watoto robo tatu za urisi, na inapatia mujane haki ya kutumia nyumba aliyokaa na bwana yake. Lakini nyumba isiyokwisha kulipwa ingali mu mikono ya koperative, na pale njo vita inaanza: watoto, bapwa, bandugu ya marehemu, kila mumoja na desturi ya kwao. Statuti ziseme sehemu ya marehemu inapita kwa nani. Ziseme mujane anaweza kuendelea kulipa. Ziseme hakuna mutu anatolewa mu nyumba wakati wa matanga.

Kupitia statuti ni kazi ya wote. Sheria ya OHADA inapatia kila mwanachama sauti moja, hata kama mwenzake iko na sehemu kumi. Inaomba tena kuwe watu wa kuchunguza, mbali na wale wanaoongoza: anayeshika feza asijihesabie mwenyewe. Makaratasi yetu yanaandikwa mu Kifaransa. Basi yasomwe mu Kiswahili, kipengele kwa kipengele, wiki mbili mbele ya mukutano, na bamama wakiwa pale. Siku ya mukutano wa kubadilisha statuti, kupiga makofi haitoshi. Kura zihesabiwe, ziandikwe, na statuti mupya zipelekwe ku rejistre ya koperative.

Komite ingine itasema: nyumba bado hazijajengwa, tungoje kwanza. Sisi tunasema huu njo wakati. Leo hakuna mutu anajua nani atafukuzwa, wala mama gani atabaki mujane. Kwa sababu hatujui, kila mumoja anaweza kuandika sheria ya haki, kwani labda ni yake. Siku funguo za kwanza zitatolewa, kila mutu atakuwa tayari anatetea mulango wake.