Dripu ile si ya urembo

Jamani wadau, mwenzenu nilipotea wiki mbili, tesiti zilinibana kweli kweli. Leo nina dukuduku, wacha nilitoe.

Mama mdogo wangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Anapigwa mionzi siku 5 kwa wiki, na kila Jumatatu dripu ya sisplatini. Wiki ya tatu akaigomea dripu. "Inanitapisha bure, ugonjwa si unachomwa na mashine?" Hospitali (siitaji) wakaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekataa, basi. Hakuna aliyemweleza ni ya nini. Na mimi, eti mwanafunzi wa udaktari mwaka wa 4, nilikuwa sijauliza!

Juzi kwenye lekcha ndiyo nikaelewa vizuri. Mionzi inakata DNA ya seli za saratani, ila seli nazo jeuri, dakika chache tu baadaye zinaanza kujiunga upya. Sisplatini, dawa yenye madini ya platinamu, inang'ang'ania kwenye DNA hiyohiyo na kuharibu kazi ya kujiunga. Yaani dozi ile ya kila wiki kazi yake kubwa ni kuinolea mionzi makali. Mwaka 1999 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari matokeo ya majaribio 5: kuchanganya hivyo kulipunguza hatari ya kufa kwa asilimia 30 hadi 50. Sasa mtu aikose faida hiyo kwa sababu tu hajaambiwa?

(Oksijeni nayo ina visa vyake. Uvimbe wenye njaa ya oksijeni unaweza kutaka mionzi karibu mara 3 ndipo seli zife. Hiyo nitaiandikia siku yake.)

Najua mtasema daktari mmoja, foleni hadi getini. Nakubali, nimeiona. Lakini sentensi tatu hazihitaji mashine ya mabilioni. Mimi nilimweleza mama mdogo jikoni kwake, kwa mfano wa kisu na jiwe la kunolea. Akanyamaza, halafu: "Sasa mwanangu, si wangesema hivyo tangu mwanzo?" Nikakosa jibu.

Jumatatu hii karudi kwenye dripu, na chupa kubwa ya maji mkononi maana dawa hii inasumbua figo. Katapika njia nzima kwenye daladala. Jumatatu ijayo namsindikiza mwenyewe, lekcha ya asubuhi mtanipa noti.