Kijiji Chetu Kiko Florida

Jamani vijana wenzangu mnaoshika kalamu, hebu niwaulize: Harambe ni wapi? Msihangaike na ramani. Harambe iko Florida, Marekani, ndani ya bustani ya Disney iliyofunguliwa Aprili 1998. Kuta zake zimetiwa nyufa makusudi zionekane kuukuu, mabango ni ya Kiswahili, na ukilipa kiingilio unapandishwa gari kwenda "Kilimanjaro" kutazama twiga.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa The Lion King mwaka 1994. Mwaka 1996 ikakamilisha kuinunua ABC, na televisheni yake. Machi 2019 ikameza sehemu kubwa ya 21st Century Fox kwa dola bilioni 71 hivi, na humo ikapata hisa nyingi za kampuni yenye chaneli za National Geographic. Kwa hiyo simba wa katuni, simba wa bustani na simba "wa kweli" wa kwenye runinga, wote tajiri wao mmoja! Hata "hakuna matata" waliiandikisha Marekani mwaka 2003 iwe alama yao ya biashara kwenye mavazi. Them Mushrooms wa Mombasa walishaiimba tangu 1982.

Eti wanatutangazia utalii, kelele za nini? Bwana wee, fulana zao hazininyimi usingizi. Kinachoniuma ni kwamba katika filamu ile nzima hakuna binadamu hata mmoja. Nyika tupu.

Mimi ni wa Oloipiri. Wazee wetu waliondolewa Serengeti mwaka 1959. Juni 2022 vigingi vikachimbiwa huku Loliondo, kilomita za mraba 1,500 zikawa pori tengefu la Pololeti, ng'ombe nje. Sisemi Disney ndiyo iliyotuhamisha. Hilo ni la serikali, na kesi zimefika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki. Nasema mtu aliyekuzwa na picha za nyika isiyo na watu hashtuki akisikia watu wameondolewa nyikani. Anadhani hawakuwapo.

Na sisi je? Hadithi nyingi tunazoandika ni za daladala na mapenzi ya Kariakoo (sizichukii, nazisoma sana), na simba akitokea, ni yule wa sinema. Nileteeni moja yenye boma, moshi, ndama wa jana, na simba aliyemfuata ndama huyo usiku. Nitakuwa msomaji wake wa kwanza.