Sheria ya Kodi Iliyokwama Mwaka 1981

Kesi ya kumfukuza mpangaji haianzi kwa kuuliza ni nani mkosaji. Kwanza huulizwa: isikizwe wapi? Nchini Kenya, jibu kwa nyumba za kuishi limefungwa katika kiasi kimoja: shilingi 2,500.

Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, ilitungwa mwaka 1959. Humlinda mpangaji ambaye kodi halali ya makao yake haizidi kiasi hicho kwa mwezi. Kwa nyumba zilizokuwa na wapangaji tarehe 1 Januari 1981, kodi ya siku hiyo ndiyo kipimo. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji huyo apendavyo; sharti athibitishe sababu iliyotajwa na sheria, mathalani kutolipwa kodi, na baraza liridhike kwamba ni haki kumtoa.

Tangu hapo bei zimepanda mno, ilhali kiwango hakikusogea. Hivyo basi, bila Bunge kufuta hata neno moja, ulinzi umewaponyoka wapangaji wengi. Mwalimu anayelipa shilingi 8,000 kila mwezi yumo nje ya uzio. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012, upangaji wa mwezi kwa mwezi huweza kukatizwa kwa notisi ya mwezi mmoja.

Je, wenye nyumba wamefaidika? Si wote. Apelekaye kesi mahali pasipo na mamlaka huiona ikitupwa hata kama madai yake ni ya kweli, huku malimbikizo ya kodi yakizidi.

Hebu tulinganishe na mwenye duka. Sura ya 301, ya mwaka 1965, haitazami kiasi cha kodi bali aina ya mapatano: yasiyoandikwa, au yaliyoandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Notisi ni ya miezi miwili na sharti itaje sababu. Mpangaji akilalamika barazani kwa wakati, notisi husimama hadi uamuzi utolewe. Ulinzi huu haukuliwa na mfumko wa bei.

Mswada wa 2021 ulipendekeza kuziunganisha sheria hizi. Kuunganisha pekee hakutoshi. Kikomo cha kodi kipitiwe upya kila baada ya miaka michache, na baraza liwekewe muda wa kuamua, ili mpangaji asitupwe nje ovyo wala mwenye nyumba asinyimwe haki kwa kucheleweshwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.