Karakana za Kamembe zataka fundi kabla ya programu

Miongoni mwa ndugu zetu wanaorejea kutoka Ubelgiji, Kanada na kwingineko wamo wenye nia ya kufungua karakana ya kukereza vyuma hapa Rusizi. Nia hiyo ni njema. Mfanyabiashara anayevuka mto Ruzizi kutoka Bukavu na shafti iliyokatika ndani ya gunia anaijua adha ya kuipeleka hadi Kigali, kuupita msitu wote wa Nyungwe, huku mashine yake ya kukoboa mpunga imelala.

Tatizo linaanza kwenye bajeti. Mtu hununua mashine ya kukerezea inayoongozwa na kompyuta, iliyokwisha tumika Ulaya, kisha muuzaji humwambia kwamba bila programu maalumu ya kuitungia maelekezo, mashine hiyo ni pambo tu. Programu za namna hiyo hulipiwa kwa fedha za kigeni, na nyingi hudai malipo kila mwaka. Je, tunazihitaji? Kwa sehemu kubwa ya kazi zetu, nasema hapana.

Tuzitazame kazi zenyewe. Kuna mpunga wa Bugarama, chai ya Shagasha, vituo vya kuoshea kahawa, kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na boti za Ziwa Kivu. Vinavyoharibika huko kila siku ni shafti, bushi, puli na pini, vitu vya mviringo ambavyo fundi anaweza kuviandikia maelekezo kwa mkono, akiwa na kalamu na mchoro. G00 ni kisu kukimbia bila kukata. G01 ni kukata kwa mstari ulionyooka. G02 na G03 ni kukata kwa upinde. Baada ya hapo anataja vipimo na mwendo. Kwenye mashine zenye mtambo wa Fanuc, agizo moja la G71 huiamuru mashine kupunguza chuma tabaka kwa tabaka mpaka umbo linalotakiwa lipatikane. Shafti ya kawaida haihitaji zaidi ya mistari michache ya maandishi.

Sikatai kwamba zipo kazi ambazo mkono hauziwezi. Rafadha ya boti, au kalibu ya kumiminia plastiki, ina mikunjo inayotaka maelfu ya mistari, na hapo programu ni lazima. Lakini hata hapo ipo FreeCAD, ambayo ni ya bure na ina sehemu ya kupanga njia za kisu. Anayeletewa rafadha mara mbili kwa mwaka aanzie hapo.

Jirani zetu Wakenya waliyaona haya kwa kipimo kikubwa zaidi. Mradi wa gari la Nyayo ulioanza 1986 ulitoa magari matano ya majaribio, na ukaacha nyuma karakana kubwa ya Numerical Machining Complex jijini Nairobi. Mitambo ilikuwepo. Fedha za kuyaunda magari kwa wingi hazikupatikana, na karakana ikabaki kutafuta kazi za vipuri vya viwanda. Hiyo ilikuwa ni serikali nzima. Sembuse mtu mmoja mwenye akiba ya miaka kumi ya ughaibuni!

Na wateja wetu wa ng'ambo ya mto wana shida zao. Bukavu ilipochukuliwa na M23 Februari 2025, benki za huko zilifunga milango. Anayemtegemea mteja wa aina hiyo asijifunge kwa deni linalokuja kila mwaka, kazi iwepo au isiwepo. Fedha hiyo ingenunua visu vizuri, maikromita, kifaa cha kuulinda mtambo umeme unapoyumba, na mshahara wa kijana wa chuo cha ufundi anayejua kusoma mchoro.

Kwa atakayeamua kununua programu hata hivyo, lipo swali moja la kumwuliza muuzaji kabla ya kutoa hata senti. Mitambo ya Fanuc, Siemens na Heidenhain haizungumzi lugha moja, kila mmoja una lahaja yake. Je, programu itatoa maelekezo kwa lahaja ya mashine yako, au kitafsiri hicho nacho kinauzwa peke yake? Akisitasita, mwambie akuonyeshe shafti moja iliyokerezwa kwa maelekezo yake, kwenye mashine kama yako.