Mbalamwezi imetupa wasaa, tunaupeleka wapi?

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SW), aliyeupangia mwezi vituo vyake ili waja wapate kujua hesabu ya siku na miaka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, leo napenda tuzungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni mapumziko. Tunahutubiwa mara kwa mara juu ya kazi, na ni haki tuhutubiwe, lakini ni nadra mtu kuulizwa anafanya nini wakati hana kazi. Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu Kagunga kule mpakani na Burundi, tukashuka Kibirizi, Katonga na Ujiji, tuna sababu ya kujiuliza swali hilo kuliko wengine, kwa kuwa mapumziko yetu hayapangwi na mwajiri wala na kalenda ya ofisini. Yanapangwa na mwezi.

Msomaji wa Tanga au Dodoma huenda anawajua dagaa wa Kigoma sahanini tu. Dagaa hao huvuliwa usiku, kwa taa. Wavuvi hutoka jioni, wakifika mbali na ufuko huwasha taa zao juu ya maji. Vidudu vidogo vya ziwani huufuata mwanga, dagaa huwafuata vidudu, na migebuka nao huwafuata dagaa. Wavu hushushwa chini ya mwanga huo, kisha ukanyanyuliwa na kila kilichokusanyika. Kwa miaka mingi taa zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi ni taa za betri na za umeme wa jua. Lakini iwe karabai au sola, hila hii huvunjika mwezi unapokuwa mpevu. Ziwa zima linapoangazwa, dagaa hana haja ya kukusanyika chini ya taa ya mtu. Ndiyo maana kila mwezi wavuvi hubaki nchi kavu kiasi cha wiki moja, pengine hata siku kumi.

Sasa tazama, ndugu yangu, siku hizo zinaangukia wapi. Zinaangukia katikati ya mwezi wa Kiislamu, palepale zilipo tarehe 13, 14 na 15, siku nyeupe, Ayyaamul Bidh, ambazo ni sunna kuzifunga. Mfanyakazi wa kiwandani akitaka kufunga siku hizo hana budi kufunga huku akibeba mizigo. Mvuvi wa Ujiji amepewa siku hizo bure, nyavu zimeanikwa na mtumbwi umevutwa mchangani. Sidhani kama wapo watu wengi duniani ambao kazi yao na ibada yao ya hiari vimepatana namna hii, na huwa nashangaa kwa nini jambo hili halitajwi mimbarini kwetu.

Katika utoto wetu siku za mbalamwezi hazikuwa siku tupu. Nyavu zilishonwa, mitumbwi ikakalafatiwa. Harusi zilipangwa humo, kwa kuwa ndipo wanaume wangekuwapo. Watu walivuka kwenda kuwaona ndugu zao upande wa Kongo, maana familia nyingi za Ujiji zina damu pande zote mbili za maji. Usiku watoto walicheza nje kwa mwanga wa bure, na mchana baba alimchukua mwanawe ufukweni akamfundisha kuogelea. Sikumbuki mtu yeyote aliyeliita hilo jambo kubwa. Lakini mtoto wa ziwani asiyejua kuogelea ni hatari kwa nafsi yake, na siku hizi ninawaona wa aina hiyo, tena wazazi wao hawana habari.

Pita leo katika siku hizo hizo. Utawakuta vijana wamekaa chini ya mwembe, kila mmoja na simu yake, kimya, shingo zimeinama. Usiku ukiingia, nyuso zinaonekana kwa mwanga wa kioo. Mtu anayejua kazi ya dagaa hahitaji kuelezwa kinachotokea hapo. Taa imewashwa, vidudu vimekuja, sisi tumefuata vidudu, na wavu uko chini yetu. Tofauti ni kwamba dagaa hanunui mafuta ya taa inayomvua, ilhali sisi tunanunua bando.

Lililo baya zaidi katika wavu huo ni kamari. Kijana aliyepata mgao wake wa giza zima huingia mbalamwezi na fedha mkononi na muda mwingi, na hapo ndipo hukaa kubeti matokeo ya timu za Ulaya ambazo hata miji yake hawezi kuionyesha kwenye ramani. Wengine hujitetea kwamba ni burudani tu, au kwamba kampuni zenyewe zina leseni na zinalipa kodi. Leseni haigeuzi hukumu ya Qur'an juu ya kamari, na kodi hiyo imelipwa kwa unga wa watoto. Kupenda mpira si dhambi. Aende uwanja wa Lake Tanganyika akapige kelele, au bora zaidi avue viatu acheze mwenyewe.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotaka simu zitupwe ziwani. Simu hiyo hiyo humwezesha bibi wa Ujiji kusikia sauti ya mjukuu wake aliyeko Kalemie, Bujumbura au Muscat siku hiyo hiyo, wakati zamani barua ilisubiri meli na salamu zilifika mgonjwa keshazikwa. Humfikishia mvuvi utabiri wa upepo wa kusi kabla hajaondoka ufukweni. Darsa zimo, tajwidi imo. Chombo hakina kosa. Tatizo ni kwamba tumekipa siku zetu zote nyeupe bila hata kukiulizia bei.

Wasaa wenye subira una thamani ambayo hatuioni, na ushahidi uko jirani yetu kabisa. Mwezi Julai 1960 alifika Gombe, mwendo mfupi kwa boti kutoka Kibirizi, binti wa Kiingereza aitwaye Jane Goodall. Wakati huo hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Alikuwa na darubini, daftari na uwezo wa kukaa akitazama kitu kimoja kwa saa nyingi. Kabla ya mwaka huo kwisha alishuhudia sokwe akitengeneza kijiti cha kuvulia mchwa, na wataalamu wakalazimika kuitazama upya kauli yao kwamba ni binadamu pekee anayeunda zana. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, jina la Gombe likiwa linajulikana dunia nzima. Kijana wetu ambaye hawezi kutazama jambo moja kwa dakika kumi bila kugusa kioo, atajifunza nini, hata apewe mwaka mzima wa mapumziko?

Na mapumziko marefu tulipewa kweli. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Serikali ilisimamisha uvuvi katika upande wetu wa ziwa ili samaki wapate kuzaliana, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Idi ya kuchinja ilitukuta ndani ya miezi hiyo, na mwaka mpya wa Hijria vilevile. Sisemi kwamba ilikuwa likizo. Nyumba isiyo na akiba haina likizo, ina dhiki. Lakini dhiki ile haikuwa sawa kwa wote. Niliowaona wakiivuka kwa heshima ni wale waliokuwa na jambo la pili mikononi: mwenye michikichi yake, mwenye shamba, fundi wa mashine za boti, mama anayejua kushona. Jambo hilo la pili hawakulipata katika miezi mitatu. Walilijenga kidogo kidogo, mbalamwezi baada ya mbalamwezi.

Ningependa basi kila mvuvi achague jambo moja tu. Kuna anayehitaji kujifunza kuandika hesabu, kwa maana ugomvi wa mgao kati ya mwenye chombo na watu wake huanzia kwenye hesabu za kichwani. Kuna anayehitaji kusahihisha Al-Fatiha yake, na asione haya kwa sababu ya ndevu zake. Walimu wa madrasa nao wangeweza kuweka darasa la kina baba katika wiki hiyo ya mwezi mpevu, wasiwapangie katika giza ambapo wako majini.

Limebaki la mwisho, na hili wanaume hatupendi kuambiwa. Mbalamwezi humpumzisha anayevua. Vichanja vya kuanikia vinapokuwa vitupu, mama aliyeamka alfajiri mwezi wote kugeuza dagaa juani bado ana maji ya kuteka, kuni, watoto na chungu. Tena sasa ana mume nyumbani mchana kutwa anayeomba chai. Mama Aisha (RA) ametueleza kwamba Mtume (SAW) alipokuwa nyumbani alishughulika na kazi za watu wake, akishona viatu vyake na kutia viraka nguo yake. Mkono unaojua kutia kiraka kwenye wavu utashindwaje na nguo ya mtoto? Tuanze hapo mwezi huu, tarehe 13, kabla ya kuiwasha simu.