Chombo cha Kutafutia Sarafu za Kale: Rahisi au Ghali?

Mvua kubwa inaponyesha Arua au Koboko na kuuosha udongo wa juu, si ajabu mtoto kurudi nyumbani na sarafu kuukuu yenye tundu katikati. Babu huitambua mara moja. Baba naye, akiwa likizoni kutoka kambini, huanza kuwaza: ikiwa moja imejitokeza yenyewe, je, ngapi zimelala chini? Wazo hilo ndilo linalowafanya watu waulize bei ya vyombo vya kutambua metali. Juma hili, ndugu msomaji, tutavipima vyombo hivyo, vya bei rahisi na vya bei ghali, kabla akiba ya nyumba haijaguswa.

Kwanza tujue kinachotafutwa. Nchi ya West Nile imepita katika mikono mingi. Ilikuwa sehemu ya Lado, iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Ikarudi chini ya Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikatiwa katika Uganda. Kwa hiyo sarafu za Kongo ya Leopold, zenye nyota na tundu, zaweza kuwamo ardhini pamoja na rupia. Lakini zilizo nyingi kuliko zote ni za Afrika Mashariki zilizoanza mwaka 1921: senti 1, 5 na 10 zenye tundu la kupitishia uzi, na shilingi yenye picha ya simba na milima nyuma yake. Baada yake zikaja sarafu za Uganda huru, tangu 1966.

Chombo chenyewe hufanya kazi hivi. Chini ya mpini kuna duara lenye waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa betri hupita katika waya huo ukigeuka-geuka upesi, na kutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, huamsha ndani yake umeme mdogo, nao hurudisha jibu linalosikika kama mlio. Alexander Graham Bell alitumia maarifa hayo mwaka 1881 kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, wala hakuipata. Inasemekana springi za chuma za kitanda zilikivuruga chombo. Katika Vita Kuu ya Pili, ofisa wa Poland, Józef Kosacki, alibuni chombo cha kutafutia mabomu yaliyofukiwa, nacho kilitumika El Alamein mwaka 1942. Basi chombo hiki ni ndugu wa vifaa vya jeshi, na kisa cha Bell chatufundisha kuwa chuma kilicho jirani humdanganya mtafutaji.

Vyombo vya bei rahisi huuzwa kwa kiasi cha dola 50 hadi 100 za Marekani, kabla ya nauli na ushuru. Ni vyepesi, na hata kijana aweza kuvitumia. Katika udongo mtulivu huiona sarafu iliyo chini kwa sentimita 10 hivi. Ila udongo wetu si mtulivu. Ardhi nyekundu ya Arua na Koboko, pamoja na changarawe tunayomwaga barabarani, imejaa chembe za chuma. Chombo rahisi kisichoweza kurekebishwa kufuata ardhi hulia kila hatua, au hunyamaza pale panapostahili mlio. Tena aghalabu hakitofautishi sarafu na kifuniko cha chupa ya soda. Mwenye nacho huchimba mashimo 30, akapata vifuniko, misumari na vipande vya sufuria.

Vyombo vya bei ya kati, dola 200 hadi 400, huonyesha namba katika kioo kidogo. Metali ipitishayo umeme vizuri, kama shaba na fedha, hutoa namba ya juu. Chuma hutoa ya chini. Vile vya dola 600 hadi 1,000 na zaidi, kama vinavyotengenezwa na Minelab ya Australia au Garrett ya Marekani, hujirekebisha kufuata udongo, na baadhi yake hutumia mitetemo kadhaa kwa wakati mmoja. Katika ardhi nyekundu tofauti hiyo ni kubwa: sarafu iliyo sentimita 20 chini yaweza kusikika, na mlio wa uongo hupungua. Hata hivyo havikosi kukosea. Karatasi ya alumini iliyokunjwa yaweza kutoa namba ileile ya sarafu.

Sasa tufanye hesabu, kama mama afanyavyo kabla ya kwenda sokoni. Shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1921 hadi 1946 ina uzito wa gramu 7.8 hivi, na robo yake tu ndiyo madini ya fedha, yaani gramu 2 kasoro kidogo. Ili kupata kilo moja ya fedha safi zatakiwa shilingi zaidi ya 500. Zile zilizotolewa tangu 1948 hazina fedha hata chembe, na senti zenye tundu ni za shaba. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa mamilioni, wakusanyaji hawazigombanii, isipokuwa chache za miaka adimu zilizo safi kabisa. Kwa hiyo chombo cha dola 800 kinunuliwe na mtu apendaye historia na mwenye ziada. Anayetumaini kulipia karo ya watoto kwa sarafu za kuokota ataingia muhula mpya na mashimo shambani. Naye anayetaka kujaribu tu, afadhali achange na wenzake wanunue kimoja cha bei ya kati. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi; hapa lakini, ghali nayo yaweza kuacha chungu kitupu.

Lipo kundi la tatu, nalo ni la ulaghai mtupu: vijiti vyenye antena vinavyosemekana kuona dhahabu au hazina umbali wa mamia ya mita. Wasomaji wetu askari na polisi wakumbuke kisa cha ADE 651, chombo kilichouzwa Iraki kwa mamilioni ya dola eti hugundua mabomu. Ndani hakikuwa na kitu cha kufanya kazi hiyo. Mwuzaji wake, James McCormick, alihukumiwa Uingereza mwaka 2013 kifungo cha miaka 10. Kabla ya kulipa, fukia sarafu mwenyewe muuzaji asipoona, kisha mwambie aitafute. Akileta udhuru, rudi nyumbani na fedha zako.

Jambo zito kuliko bei ni usalama. West Nile iliona mapigano baada ya 1979, na tena katika miaka ya 1990, hadi mapatano ya amani na kundi la UNRF II yalipotiwa sahihi Desemba 2002. Mwaka 2012 Uganda ilitangaza kumaliza kuondoa mabomu ya kutegwa katika maeneo yaliyojulikana. Lakini kombora moja au guruneti iliyosahaulika yaweza kuwa bado imelala porini au katika kambi ya zamani, na hakuna chombo cha dukani, kiwe cha dola 50 au 5,000, kinachoweza kukuambia kuwa kinacholia ni sarafu na si baruti. Kwa hiyo usichimbe palipokuwa na handaki au kambi. Mlio ukiwa mpana na wenye nguvu, usichomeke jembe. Ukiona chuma cha mviringo chenye kutu, usikiguse wala usikipige jiwe. Waondoe watoto, weka alama kwa mbali, rudi kwa njia uliyojia, na uwaarifu polisi. Akina mama, wafundisheni watoto hayo kabla hawajafundishwa jina la chombo.

Mwisho ni sheria. Uganda inayo sheria ya kulinda vitu na mahali pa kale. Ya sasa ni ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Ngome kama ya Dufile, kando ya Nile, si shamba la kuvuna sarafu. Mahali sarafu ilipolala, na vitu vilivyolala nayo, ndivyo humweleza mtaalamu nani aliishi pale na lini. Ukiing'oa, habari hiyo yapotea milele. Ukikuta nyingi pamoja, acha kuchimba, upeleke habari kwa ofisi ya wilaya au Makumbusho ya Uganda, Kampala. Na kabla ya kupima ardhi ya jirani, mwombe ruhusa, mpatane mapema juu ya kitakachopatikana, kisha ufukie kila shimo, maana ng'ombe akivunjika mguu, sarafu zako zote hazitamlipa mwenyewe.