Mshauri hajawahi kumfunga mtu

UPENUNI, na Makame Haji Vuai

Waingereza walipotawala Unguja walikuwa na klabu yao Shangani, katika jumba ambalo leo ni hoteli ya Africa House, na jioni walitoka Mnazi Mmoja kupiga tenisi na gofu. Kuingia kulitaka rangi, cheo na ada. Huku kwetu Ng'ambo, upande wa pili wa kile kijito cha Darajani kilichokuja kufukiwa, watu walijifungulia klabu zao bila kamati wala daftari la wanachama: ubao wa mashimo 32, kete 64 za komwe, na kibaraza cha mtu asiyekereka na kelele. Klabu ya Shangani sasa inalaza wageni. Za kwetu zingali zikifunguliwa kila siku ikishasaliwa laasiri.

Nimekuwa nikiwasikia watu wa michezo wakisema bao nalo lipandishwe hadhi. Wanataka ligi, jezi, mdhamini, marefa wenye filimbi. Sipingi. Bao ni mchezo wa akili kali. Kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita ndani ya nyumba na mbili mbili pembeni yake, na nyingine 22 anazishika. Zile 22 zikiisha kunamuliwa, yaani kuingizwa ubaoni moja moja, ndipo mtaji unapoanza, na hapo fundi hunyanyua kete akiwa tayari anajua zitalala wapi baada ya kuzunguka weee mpaka sisi watazamaji tumeshapotea. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikuja Unguja miaka ya 1990 kuchunguza vichwa vya mafundi hao, akaandika tasnifu ya udaktari Leiden mwaka 1995. Alifanya kazi ya maana. Ila kama angewachunguza na wale wanaokaa pembeni, nadhani mpaka leo angekuwa bado anaandika.

Maana ligi itawachukua mafundi. Wale waliobaki, ambao ndio wanaonitoa mimi nyumbani, itawaacha wapi?

Yupo Mshauri. Kila baraza la bao lina Mshauri wake, na wakati mwingine nadhani ni mtu mmoja tu anayezunguka Kikwajuni, Miembeni na Kisima Majongoo. Husimama nyuma ya mchezaji, mikono mgongoni, shingo mbele. "Usitakate hapo, bwana wee! Nyumba yako yaliwa hiyo!" Ukimfuata ukaliwa, kosa ni lako, ulichelewa kumsikia. Usipomfuata ukashinda, ameshinda yeye, kwa sababu alikutia hasira. Akikalishwa mwenyewe mbele ya ubao, mgongo unamuuma, au miwani ameisahau, au kuna maiti anakwenda kuizika. Na bado siku asipotokea mchezo unapooza. Mafundi wawili wakibaki peke yao hucheza kimya kama makarani wa benki, na watu huondoka mmoja mmoja.

Yupo pia Mwenye Bao. Huyu si fundi, lakini ubao ni wake, aliurithi, na nguvu zake zote zinatokana na hapo. Akifungwa mara tatu mfululizo anakumbuka kwamba mkewe anamngoja, anautia ubao kwapani, anashuka barazani. Hapo utawaona watu wazima, wengine mahaji wenye wajukuu, wakimfuata nyuma: "Ami, ami, bado moja tu!" Ndiyo maana mafundi wenye hekima humwachia mchezo mmoja kila jioni. Humwachia kwa ustadi, akafurahi kweli, asijue. Nimekaa mara kadhaa nikisikiliza Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, na sijaona siasa iliyopangwa vizuri kuliko hii.

Kuna mtunza kumbukumbu. Haandiki kitu, anakumbuka tu, na anachokikumbuka zaidi ni nani alifungwa mkononi, yaani alifungwa kabla hata hajamaliza kete za kunamua. Aibu hiyo haifutiki. Hata kifo hakikuokoi nayo. "Marehemu alikuwa mtu mwema sana," husema, "Mola amrehemu. Alifungwa mkononi pale Raha Leo, masika, mimi nipo." Huyu mzee hucheka na kila jambo isipokuwa moja. Akifika Aprili 7, 1972, sauti yake hushuka: Mzee Karume alikuwa Kisiwandui akicheza bao na wenzake alipopigwa risasi. Hapo na Mshauri hunyamaza.

Wengine nawapitia haraka. Yupo aliyekuja likizo kutoka Muscat, mkono umepoa, anayelipa kahawa ya wote ili asipangiwe kucheza. Yupo kijana wa mikeka ya kubeti, jicho moja ubaoni, jingine kwenye simu. Yupo muuza kahawa, anayewajua wote wanaodaiwa na hamtaji yeyote. Wanawake hawapo barazani, ila wapo madirishani, na mara nyingi wanajua alama kuliko sisi. Kwa nini mpaka leo hatujawakaribisha ni jambo ambalo wazee wetu na sisi wenyewe tungepaswa kulijibu bila kujifichia mila.

Watu hawa huitwa wavivu. Mimi naona wanafanya kazi ambayo hakuna aliyeajiriwa kuifanya. Mlandege, watoto wa Ng'ambo hii hii, walipoifunga Simba 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi Januari 2024, bao lile lilifungwa mara moja tu Amani. Barazani lilifungwa upya kila laasiri mpaka mwezi wa Ramadhani ukaandama, kila siku kwa mguu mwingine. Hapo hapo ndipo mtu anapojulikana kuwa anaumwa, kwa kuwa jana hakuja. Ndipo mchango wa maziko unapopitishwa kabla jamaa wa marehemu hawajauomba.

Sasa, Uwanja wa Amani umejengwa upya, tumeuona, tunashukuru. Nyumba nazo zinajengwa. Miaka michache nyuma Idara ya Mipango Miji ilikuwa na mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ukachorwa mji mzima, na baadaye ikatoka Atlasi ya Ng'ambo, kitabu kizuri kinachoukubali upande huu kuwa nao una urithi, ingawa UNESCO mwaka 2000 iliishia Mji Mkongwe. Ninachokiona mitaani ni kingine. Nyumba ya zamani inavunjwa, linapanda ghorofa, chini duka la vioo, mbele maegesho, na ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Kibaraza hakipo. Hakuna aliyekikataza, hakuna tu aliyekichora.

Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, nayo hayakuchorewa mabaraza ya bao. Watu wakajipatia wenyewe, chini ya ngazi na kivulini, na maskani ya Kisonge ikawa na jina kuliko ofisi nyingi za serikali. Lakini Michenzani iliacha nafasi wazi baina ya jumba na jumba. Ghorofa za leo zinajengwa mpaka mpakani, na mtu mwenye ubao kwapani hana pa kuutua.

Ninaloliomba ni dogo na lina vipimo: kila kibali cha ujenzi Ng'ambo kidai kibaraza cha saruji upande wa njia, upana wa kutosha mtu mzima kukunja miguu, na kivuli cha laasiri. Gharama yake haifiki bei ya geti la ghorofa lenyewe. Ligi ije baadaye, na jezi zake.

Na Idara ikitaka maoni ya wananchi tena, isituitie ukumbini saa tatu za asubuhi. Ije Kisima Majongoo baada ya sala. Mshauri atakuwepo, na ana la kusema juu ya mifereji, taka, kodi, urefu wa maghorofa na rangi ya milango. Wasimuulize tu namna ya kushinda bao.